Mapafu ya mvutaji kwenye upasuaji wa moyo: mwongozo kwa mgonjwa wa Kolwezi na wanaomuuguza

Familia ya Kolwezi ikiambiwa kwamba mtu wao anahitaji upasuaji wa moyo, mazungumzo huanza na pesa, yakaenda kwenye pasipoti, kisha kwa nani atakayemsindikiza. Mapafu hayatajwi. Yanakuja kutajwa siku mgonjwa anapokaa mbele ya daktari wa usingizi, katika mji wa ugenini, na kuulizwa: "Papa, unavuta sigara ngapi kwa siku, na ya mwisho umevuta lini?" Wengi hapo hupunguza hesabu kwa aibu. Wengine hukana kabisa kwa sababu mke au mchungaji yuko chumbani. Wakati huo zile wiki ambazo zingeweza kuyaandaa mapafu zimekwisha kupita.

Namwandikia mvutaji anayeishi katika ukanda wa shaba wa Lualaba, awe mjini, Musonoi, Luilu au kandokando ya mabaki ya madini ya Kingamyambo, na ndugu watakaokaa naye hospitalini. Katikati kuna namba za mashine ya kupumulia ambazo muuguzi wa ganzi wa hospitali zetu anaweza kuzitumia kwa mvutaji yeyote anayelazwa usingizi, hata kwa upasuaji wa ngiri. Wewe mgonjwa zisome pia. Zitakuonyesha kwamba kinachofanyika kwenye mapafu yako ukiwa umelala kinategemea sana ulichofanya ukiwa bado nyumbani.

Upasuaji wa moyo wazi haufanyiki Kolwezi. Wenye uwezo huelekea India au Afrika Kusini. Wengine huenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili. Kwa mtu wa kwetu Dar ina faida kubwa: unaweza kumweleza daktari kifua chako kwa Kiswahili, bila mkalimani, na maelezo hayo ndiyo yanayoamua mengi. Magonjwa yanayotupeleka huko ni ya aina mbili zaidi. Kuna vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, hasa vali ya mitrali, na kuna watu wazima wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Kwa hao wa pili sigara yenyewe mara nyingi ni mmoja wa wahusika. Kwa wa kwanza sigara haikuleta ugonjwa, lakini inakutana na mapafu ambayo vali mbovu imekwisha kuyatesa kwa miaka.

Acha leo, hata kama zimebaki siku mbili

Moshi wa sigara una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu waliolala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, huishika hewa hii kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko inavyoishika oksijeni. Anayevuta pakiti moja kwa siku anaweza kutembea huku asilimia 5 hadi 10 ya hemoglobini yake imekaliwa hivyo. Kwa asiyevuta, kwa kawaida haifiki 2. Moyo mgonjwa ambao tayari unahangaika kupata oksijeni unanyang'anywa hata kile kidogo kilichopo.

Lakini mwili huisafisha hewa hiyo upesi. Ukipumua hewa safi, nusu yake hutoka ndani ya saa 4 hadi 6, na baada ya siku nzima bila sigara damu yako inakaribia ya mtu asiyevuta. Nikotini ni ya haraka zaidi: nusu yake huondoka kwa saa 2 hivi, na pamoja nayo hupungua kasi ya mapigo na kubana kwa mishipa. Kwa hiyo anayesema, "Upasuaji ni kesho kutwa, kuacha sasa kuna faida gani?" ajibiwe kwamba ipo, tena kubwa. Sigara ya asubuhi ya upasuaji, ile ya kutuliza roho, ndiyo mbaya kuliko zote.

Kinachochelewa ni usafi wa njia za hewa. Ndani ya mirija ya mapafu kuna vinyweleo vinavyosukuma makohozi na vumbi kuelekea kooni. Moshi huvilaza. Vikianza kuamka, wiki za kwanza unaweza kukohoa na kutoa makohozi kuliko ulipokuwa ukivuta, na wengi hapo hukata tamaa na kurudia wakidhani wamezidiwa. Kukohoa huko ni kazi inayofanyika. Mwaka 1989 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya kufuatilia wagonjwa 200 waliopandikizwa mishipa ya moyo. Waliokuwa wameacha sigara kwa zaidi ya miezi 2 walipata matatizo ya mapafu kama 14 au 15 kwa kila 100; walioacha kwa muda mfupi zaidi walifika 57. Walioacha kwa zaidi ya miezi 6 walilingana na wasiowahi kuvuta.

Kutokana na namba hizo ulizuka uvumi ambao bado unarudiwa hata na wahudumu wa afya, kwamba mtu akikaribia upasuaji asiache, aendelee tu kuvuta, kwa kuwa kuacha ghafla kunaleta makohozi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa baadaye haukukuta madhara ya kuacha karibu na upasuaji. Ukiambiwa hivyo, usikubali. Wiki 8 ni bora kuliko 4, wiki 4 ni bora kuliko 1, na siku 1 ni bora kuliko kuvuta hadi mlangoni.

Vibandiko au chingamu za nikotini, ukizipata katika duka la dawa, ni nafuu kuliko moshi, mradi umwambie daktari wako. Bangi na shisha nazo ni moshi. Kikao kimoja cha shisha huingiza monoksidi ya kaboni nyingi kuliko sigara moja. Lutuku isichukue nafasi ya sigara, kwa sababu mwili uliozoea pombe kali ukinyimwa ghafla hospitalini huleta mtetemeko na kuchanganyikiwa siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo tunahitaji utulie na upumue vizuri. Mama wa nyumba naye ana sehemu yake: mbabula ipelekwe uani, na shemeji anayevuta sebuleni aombwe kwa heshima avutie nje hadi mgonjwa asafiri.

Eleza kifua chako chote

Hesabu sigara zako kabla ya kwenda. Chukua idadi ya pakiti kwa siku, kwa pakiti ya sigara 20, uizidishe kwa miaka uliyovuta. Pakiti moja kwa miaka 15 ni 15. Nusu pakiti kwa miaka 20 ni 10. Namba hiyo iandike, kwa kuwa daktari ataitafuta hata usipomwambia, na ukiificha atakupangia mashine kana kwamba una mapafu ya mtu mwingine. Kama huwezi kusema mbele ya familia, omba kuongea naye peke yako. Siri yako ni wajibu wake.

Kisha sema kazi yako, na hili daktari wa Dar au wa India hataliuliza mwenyewe. Mtu aliyetoboa mwamba, aliyesaga mawe, aliyeshusha magunia ya madini au aliyeishi miaka mingi penye vumbi la machimbo ana kitu kingine juu ya sigara. Vumbi la mawe yenye silika hutia makovu kwenye mapafu na kumfungulia mlango kifua kikuu. Vumbi la kobalti likivutwa linaweza kuleta pumu na, kwa baadhi ya watu, makovu ya mapafu. Hapa kwetu si jambo la nadharia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha uchunguzi wao wa mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vya nyumba zao. Waliona kobalti nyingi katika vumbi la nyumbani na katika miili ya wakazi, watoto wakizidi. Rundo la mabaki kama Kingamyambo, lililolundikwa kwa miongo, nalo haliishi mbali na watu. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo hauulizi mpaka wa kampuni uko wapi.

Daktari wa moyo atataka kujua habari ya kobalti kwa sababu nyingine pia. Katikati ya miaka ya 1960 huko Québec, Canada, wanywaji wa bia iliyotiwa kobalti ili povu lidumu walipata ugonjwa wa msuli wa moyo, na wengi walikufa. Hiyo haimaanishi kwamba kila mchimbaji ana moyo wa namna hiyo. Inamaanisha historia yako ya kazi isiachwe nje ya faili.

Kabla ya kusafiri

Usiondoke Kolwezi bila picha ya kifua na, kama unakohoa zaidi ya wiki 2, unatoka jasho usiku au unakonda, bila kupima makohozi kwa GeneXpert. Kifua kikuu kikigunduliwa baada ya tiketi kukatwa, safari nzima inaweza kuahirishwa na pesa za ukoo kupotea. Omba pia kipimo cha kupuliza, spiromita, penye nacho: unapuliza kwa nguvu mara moja kabla ya dawa ya salbutamoli na mara moja baada yake. Kipimo hicho kinaonyesha kiasi cha hewa unachoweza kutoa katika sekunde ya kwanza, na kama mirija yako inafunguka kwa dawa. Inapofunguka, dawa hiyo itakuwa msaada mkubwa mikononi mwa daktari wa usingizi.

Wengi hupewa kikopo cha salbutamoli na kupulizia ulimi. Dawa inabaki mdomoni. Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa kikopo, ingiza na uzibe vizuri, weka midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, kisha vuta pumzi taratibu na kuirudisha mara kadhaa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwa watoto wenye pumu kwamba chupa ya namna hii inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Zoezi la kuvuta pumzi ndilo ningelipigania kuliko yote, kwa kuwa halihitaji pesa nyingi na watu hulidharau. Katika utafiti wa Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa walio hatarini waliokuwa wakingoja upandikizaji wa mishipa ya moyo walifundishwa kuvuta pumzi dhidi ya kizuizi, dakika 20 kila siku kwa angalau wiki 2. Matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yalipungua kutoka karibu 35 kwa 100 hadi 18. Kifaa chenyewe omba kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usipokipata, fanya hivi kila saa ukiwa macho: kaa wima, vuta hewa polepole kwa pua hadi tumbo lijae, ishike kwa sekunde 3, itoe kwa midomo iliyobanwa, mara 10. Tembea kila siku hadi pumzi iongezeke bila kifua kuuma, kwa kiasi alichokuruhusu daktari wa moyo. Mwenye vali iliyobana sana asijilazimishe.

Homa au makohozi yaliyogeuka kijani siku chache kabla ya upasuaji usiyafiche kwa kuogopa kuahirishiwa. Penye muda, kutibu kwanza ni salama zaidi.

Kinachofanyika umelala

Kabla ya usingizi utavikwa kifuniko cha oksijeni na kuambiwa uvute kwa dakika 3 hivi. Vuta kwa bidii. Hiyo ni akiba ya dakika ambazo bomba litakuwa linaingizwa kooni, na kwa mvutaji akiba huisha haraka. Kipima oksijeni cha kidoleni nacho hudanganywa na sigara: hemoglobini iliyoshika monoksidi ya kaboni hukihadaa kikaihesabu kama imebeba oksijeni. Mvutaji wa asubuhi hiyo anaweza kuonyesha 98 huku damu yake ina upungufu. Daktari makini anayejua ulivuta lini hatategemea kidole peke yake. Atapima damu ya mshipa wa ateri kwa mashine inayotenganisha hemoglobini yenye oksijeni na ile yenye monoksidi ya kaboni.

Njia za hewa za mvutaji ni kali. Bomba likigusa, mirija inaweza kubana ghafla, ukasikika mluzi, na hewa ikakataa kuingia. Kwa hiyo salbutamoli hutolewa kabla, usingizi huwa mzito wa kutosha kabla ya bomba kuguswa, na dawa huchaguliwa zile zinazolegeza mirija, kama propofoli, ketamini au hewa ya sevoflurani, kila moja kwa kupimwa na hali ya moyo.

Sasa mashine ya kupumulia. Kiasi cha hewa kwa kila pumzi hupimwa kwa urefu wako, si kwa unene wako, maana mapafu hayanenepi. Kwa mwanaume, chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, ongeza 50. Kwa mwanamke ongeza 45.5 badala ya 50. Mwanaume wa sentimita 170 anapata kilo 66. Kila kilo hupewa mililita 6 hadi 8, kwa hiyo pumzi yake ni kati ya mililita 400 na 530 hivi, hata kama mizani inasema ana kilo 95. Kumpa 750 kwa kuwa ni mtu mkubwa ni kuyapasua mapafu yake polepole. Shinikizo la kufanya mapafu yasilale kabisa mwisho wa pumzi huanzia sentimita 5 za maji. Shinikizo la mapafu yakiwa yamejaa na kutulia lisifike 30, na tofauti kati ya hayo mawili ibaki chini ya 15.

Kwa mvutaji, hata hivyo, kazi ngumu zaidi ni kutoa hewa. Mirija yake midogo hujifunga anapotoa pumzi, na hewa inahitaji muda mrefu kupata njia. Tazama hesabu: pumzi 15 kwa dakika, kila moja ina sekunde 4, ukigawa moja ya kuingiza kwa mbili za kutoa, anabaki na sekunde 2.7 za kutoa. Pumzi 10 kwa dakika, kwa mgawo wa moja kwa tatu, zinampa sekunde 4.5. Asipopewa muda huo, kila pumzi mpya huingia juu ya mabaki ya ile iliyotangulia. Kifua kinavimba, damu inayorudi moyoni inazuiwa, shinikizo la damu linaanguka. Muuguzi asiyejua atakimbilia dawa za kupandisha shinikizo. Kabla ya hapo, tazama mchoro wa mtiririko wa hewa kwenye skrini: kama haurudi sifuri kabla ya pumzi inayofuata, hewa imenaswa. Mgonjwa akizidiwa, tenganisha bomba na mashine kwa sekunde chache, mwachie atoe hewa yote. Shinikizo likipanda lenyewe, umepata sababu.

Pumzi chache, hata hivyo, huacha hewa chafu ya kaboni dioksidi ipande. Kwa mvutaji mwenye ugonjwa wa mapafu tu tungeivumilia kidogo. Kwa mwenye vali ya mitrali iliyobana haivumiliki kirahisi, kwa sababu kaboni dioksidi nyingi na oksijeni kidogo huikaza mishipa ya mapafu, na upande wa kulia wa moyo, ambao tayari umechoka kusukuma, unaweza kushindwa palepale. Hakuna namba moja ya kumpa mgonjwa huyu. Daktari huenda kati ya hatari mbili, akipima damu mara kwa mara na kubadili kidogo kidogo, na ndiyo maana mvutaji mwenye vali mbovu anastahili hospitali yenye kipimo cha gesi za damu karibu na kitanda, hata kama ni ghali kuliko nyingine. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Oksijeni ya asilimia 100 isitumike saa nzima bila sababu. Vifuko vya hewa vilivyojaa oksijeni tupu hujikunja, maana oksijeni yote hufyonzwa na hakuna kinachobaki kuvishikilia wazi. Hupunguzwa hadi kile kinachotosha.

Kisha moyo husimamishwa, na mashine nyingine hubeba kazi ya moyo na ya mapafu. John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza Philadelphia tarehe 6 Mei 1953, na hadi leo kanuni ni ileile: damu hutolewa mwilini, hutiwa oksijeni nje, hurudishwa. Kwa muda huo, mara nyingi saa 1 hadi 3, mapafu hayapitishi damu kama kawaida na huachwa yakalala. Je, yangepumuliwa kidogo kidogo badala ya kuachwa? Jambo hili lilijadiliwa kwa miaka, na tafiti kubwa mbili za Ufaransa, PROVECS na MECANO, hazikuonyesha kwamba kuendelea kuyapumulia kunapunguza matatizo. Ukisikia hospitali fulani inaacha mapafu yamelala wakati huo, usidhani wamekuzembea.

Kinachohesabika zaidi ni kuyaamsha. Kabla ya kuachana na mashine hiyo, bomba hunyonywa makohozi, na kwa mvutaji yapo mengi. Mapafu hufunguliwa kwa shinikizo la taratibu, kama sentimita 30 za maji kwa sekunde kadhaa, daktari wa usingizi akiyatazama kwa macho kifua kikiwa wazi, na akikubaliana na mpasuaji ili mshipa uliopandikizwa usivutwe. Mvutaji wa miaka mingi anaweza kuwa na malengelenge ya hewa yenye kuta nyembamba; yakipasuka, hewa hujaa nje ya pafu. Picha ya kifua uliyopiga Kolwezi, ikionyesha malengelenge hayo, humfanya daktari apunguze nguvu. Ibebe mkononi, usiiweke kwenye mzigo.

Ukiamka

Utaamka na bomba kooni, huwezi kusema. Kujua hilo mapema hupunguza hofu, na hofu huchafua pumzi. Mgonjwa aliyetulia, mwenye joto, asiyevuja damu, huondolewa bomba ndani ya saa chache, mara nyingi chini ya 6. Mvutaji asiharakishwe wala asicheleweshwe: kila saa ya ziada kwenye bomba ni nafasi ya nimonia. Baadhi huhitaji kifuniko cha shinikizo usoni kwa usiku wa kwanza. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambaye kaboni dioksidi yake huwa juu siku zote, hulengwa oksijeni ya 88 hadi 92 kidoleni. Ndugu akiona 90 asimwombe muuguzi afungue mtungi wote.

Hapa ndugu wana kazi halisi. Mfupa wa kidari umekatwa na kufungwa kwa waya. Kukohoa kunauma, na mvutaji anayeogopa kukohoa huacha makohozi yake yaoze kifuani. Mpe mto aukumbatie kwa nguvu kifuani, kisha akohoe. Omba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, isingojee alie. Mkalishe wima, na akiruhusiwa siku inayofuata, atembezwe. Chupa yenye maji ya kina cha sentimita 10, na mrija usio mwembamba ulioingia hadi chini, ni kifaa kizuri: avute pumzi ndefu, kisha apulize mapovu polepole, mara 10 kila saa. Apulize tu, asinyonye. Maji yabadilishwe kila siku.

Na mgeni atakayekuja wodini akinuka sigara, hata akiwa kaka mkubwa, aambiwe.

Kurudi Lualaba

Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu yake. Hewa ya kwetu ni nyembamba kwa karibu asilimia 15, na ndani ya ndege huwa nyembamba zaidi, kama mtu aliye kwenye mlima wa hadi mita 2,400. Kipimo kilichosoma 96 kule kinaweza kusoma 93 au 94 hapa bila jambo jipya kutokea. Aliyepata hewa nje ya pafu asipande ndege hadi picha ionyeshe limepona. Omba picha ya kifua ya mwisho kabla ya kuruhusiwa, na namba ya oksijeni uliyotoka nayo iandikwe.

Ukiwekewa vali ya chuma utakunywa warfarini maisha yote. Sombe na lengalenga ule kwa kiasi kilekile kila wiki, usiache kabisa na usizidishe ghafla, maana hubadilisha nguvu ya dawa. Kuacha sigara nako kunaweza kuibadilisha, kwa hiyo pima damu, kipimo kiitwacho INR, mara nyingi zaidi miezi ya mwanzo. Kazi ya vumbi usirudie kabla kidari hakijapona, wiki 6 hadi 8 angalau, na kama kuna namna ya kupata kazi nyingine, usirudi shimoni tena.

Nenda hospitali ya Mwangeji au iliyo karibu nawe siku hiyohiyo ukipata homa, makohozi yenye rangi au damu, pumzi inayozidi kufupika ukilala chali, mguu mmoja uliovimba, au mfupa wa kidari unaogonga ukikohoa. Ripoti ya Dar au ya India itaandikwa kwa Kiingereza, na madaktari wa kwetu husoma Kifaransa. Kabla ya kuondoka omba muhtasari wa ukurasa mmoja wenye aina ya upasuaji, majina halisi ya dawa na vipimo vyake, kiwango cha INR unachotakiwa kukaa nacho, siku ulizokaa kwenye mashine ya kupumulia na matatizo ya mapafu yaliyotokea. Utafsiriwe, upigwe nakala 3, moja ibaki kwa daktari wako wa Kolwezi, moja nyumbani, na moja kwenye simu ya mtu unayelala naye nyumba moja.